Nadi Ikhwani Safaa na taarab ya Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayeanza kuipenda taarab ya Unguja hafiki mbali kabla hajakutana na jina la Ikhwani Safaa. Haya ndiyo maswali ambayo wageni wa muziki huu, na hata wenyeji waliokulia ndani yake, huyauliza zaidi.

Ikhwani Safaa ni bendi, ni chama au ni ukumbi?

Ni chama; neno nadi lenyewe ni la Kiarabu, maana yake klabu. Ukilishika hilo mapema, mengine yote yatakuelea. Bendi ina mwenyewe: yeye ndiye anayenunua vyombo na kulipa wapigaji, na akichoka au akifilisika bendi inakufa naye. Ukumbi ni nyumba tu, leo muziki, kesho mkutano. Ikhwani Safaa ni wanachama, watu wenye kazi zao za mchana ambao usiku hukutana Mji Mkongwe wakafanya mazoezi, wakazungumza, wakafundishana. Muziki ndio unaowaweka pamoja, lakini kinachokutana pale ni jamaa, na jamaa wana mambo mengi kuliko muziki. Mmoja akifiwa, nadi nzima imefiwa. Mmoja akioza mwana, hakuna haja ya kuuliza nani atapiga.

Jina lao ni lile lile walilojiita wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, ndugu waliofungamana kwa usafi wa moyo.

Ilianzishwa lini?

Mwaka 1905. Vijana wa mjini walikaa wakakubaliana kuunda chama cha muziki, wakaagiza vyombo kutoka Misri, wakajifunza kuvipiga. Zama hizo Sayyid Ali bin Hamud ndiye aliyekuwa Sultani, na Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Angalia hapo: mji una Sultani asiye na nguvu kamili na mkoloni mwenye nguvu zote, na vijana wake wanaelekeza macho Kairo, si London. Walitaka kuwa watu wa kisasa kwa namna yao wenyewe.

Kwa hiyo taarab ya Unguja ilianza 1905?

Hapana. Ilikuwapo kabla, ila ilikuwa ndani ya kasri.

Masimulizi yanayokubalika zaidi yanamtaja Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ndiye aliyejenga Beit el Ajaib, na alipenda mambo makubwa. Inasimuliwa kwamba alileta wapigaji kutoka Misri waje kumburudisha, kisha akampeleka Mohamed bin Ibrahim Kairo kujifunza muziki, hasa kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi. Aliporudi alifundisha wengine, na kasri likawa na wapigaji wake.

Uzuri wa muziki ule waliusikia wachache: wageni wa Sultani, jamaa zake, wakubwa wa serikali. Walio nje labda walisikia mlio uliovuka ukuta. Kwangu mimi ndiyo maana 1905 ni mwaka mkubwa kuliko wanavyoupa uzito walio wengi. Barghash alileta muziki Unguja, lakini waliouleta kwa watu ni vijana wale wa nadi. Kuanzia hapo taarab haikuhitaji tena mfalme wa kuilipia. Ilihitaji wanachama.

Kwa nini mwanzoni waliimba kwa Kiarabu na Waunguja wengi walizungumza Kiswahili?

Kwa sababu mfano waliouiga ulikuwa wa Kiarabu, na kwa sababu Kiarabu kilikuwa lugha ya heshima: lugha ya dini, ya elimu, ya watawala. Kuimba Kiarabu kulimwonyesha mtu kuwa msomi na muungwana. Wasikilizaji wengi hawakuyafuata maneno yote, lakini waliipenda sauti na waliipenda hadhi.

Hali hiyo haikuweza kudumu. Pwani hii ina ushairi wa Kiswahili wa karne nyingi. Watu wanaotoleana mafumbo kwa beti, wanaojibizana kwa vina na mizani, wangekaa hadi lini wakisikiliza nyimbo wasizoweza kuzijibu? Kiswahili kingeingia tu. Aliyekiingiza kwa kishindo alikuwa mwanamke wa shamba.

Je, Siti binti Saad alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa?

Hakuwa, wala asingeweza kuwa. Nadi ilikuwa ya wanaume. Lakini historia yake na ya nadi zimeshonana.

Alizaliwa Fumba yapata 1880, akaitwa Mtumwa. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye alikwenda mjini kuviuza, na sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana njiani. Akahamia mjini 1911. Huko alikutana na Muhsin Ali, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, naye ndiye aliyemfundisha kuimba kwa mpango na kufuata vyombo. Elimu iliyokusanywa ndani ya nadi ikatoka kwa mlango huo mmoja ikamfikia binti wa mfinyanzi.

Alichokifanya Siti na elimu ile ndicho kilichobadilisha kila kitu. Aliimba Kiswahili, na hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba habari za mji: kesi zilizopindishwa, matajiri wanaoonea, mwanamke aliyeuawa na haki yake isipatikane. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasafiri pwani yote hadi bara. Watu walisikia lugha yao ikitoka ndani ya santuri kwa mara ya kwanza. Alifariki 1950, na Shaaban Robert ndiye aliyeandika maisha yake.

Nadi zenyewe zilichelewa kumfuata. Ikhwani Safaa iliendelea na Kiarabu kwa miaka mingi, ikageukia Kiswahili hatua kwa hatua. Ninaipenda sana nadi hii, na kwa upendo huo huo nasema: katika jambo la lugha, aliyetangulia ni Siti.

Wanawake wengine walikuwa wapi?

Walikuwa na vyama vyao. Vingine, kama Nuru el Uyun na Sahib el Ari, vilikuwa na majina makubwa mjini, na vilishindana kwa nyimbo, kwa sare na kwa shughuli. Mashindano hayo ndiyo yaliyonoa ulimi wa taarab. Mwanamke hamtaji mpinzani wake kwa jina. Anaagiza wimbo, anausimamia, na kila aliye ukumbini anajua unakwenda kwa nani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wanawake waliingia kwenye makundi makubwa ya mjini, wakawa waimbaji wa mbele. Leo huwezi kuifikiria Ikhwani Safaa bila sauti kama ya Rukia Ramadhani.

Wanapiga vyombo gani?

Kanuni ndiyo inayowashangaza wageni. Ni ubao bapa, upande mmoja umekatwa mshazari, wenye nyuzi zaidi ya sabini zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huilaza mapajani au mezani, huvaa vidonoo kwenye vidole vya shahada, na mikono yote miwili hufanya kazi. Kuitega sauti ni kazi ya subira, maana nyuzi tatu zikipishana hata kidogo chombo kizima kinalia vibaya. Ndiyo maana utamwona mpigaji wa kanuni amefika mapema kuliko wote.

Udi ni mama wa sauti. Tumbo lake la mviringo linatoa mlio mnene, na walio wengi huanza kujifunza maqam, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, humo kabla ya kugusa kingine. Nai, filimbi ya tete, ni ngumu kuliko inavyoonekana na wapigaji wake wamekuwa wachache sikuzote. Kisha kuna fidla, nyingi kwa pamoja, na akordioni, iliyokuja baadaye ikakaa kama mwenyeji. Chini kabisa kuna chelo na besi kubwa ya kusimama. Midundo inashikwa na dumbaki, ngoma ya mkono, na rika, tari dogo lenye njuga, na ngoma za bongo ziliongezeka kadiri midundo ya Amerika ya Kilatini ilivyopendwa.

Kikundi hakikuwa kikubwa hivi tangu mwanzo. Filamu na redio za Misri ndizo zilizokipanua. Waunguja waliwaona na kuwasikia Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab wakiwa na safu nzima za fidla nyuma yao, nao wakataka safu kama hizo. Waliyakamata mengi kwa sikio tu: kusikiliza, kurudia, kusikiliza tena.

Usiku wa taarab unakwendaje?

Hufunguliwa kwa bashraf, kipande kisicho na maneno. Wapigaji huoana sauti, na hadhira hupata muda wa kukaa, kusalimiana na kutazamana mavazi. Usiidharau bashraf kwa kuwa haina mwimbaji. Ndipo utakapojua kama kikundi kimefanya mazoezi ama la.

Baada yake huja nyimbo, moja baada ya moja, kila mwimbaji kwa zamu. Wimbo hutanguliwa na muziki mrefu, kisha ubeti, kisha kiitikio cha kundi zima, kisha muziki tena kabla ya ubeti wa pili. Beti mara nyingi ni za mishororo mitatu, zenye vina vya kati na vya mwisho. Wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa. Aliyezoea nyimbo za dakika tatu hudhani mambo yanajirudia, lakini muda ule una kazi yake: msikilizaji ameusikia ubeti, sasa anapewa nafasi ya kuutafuna wakati fidla zinaongea. Nasikitika ninapokuta wimbo umekatwa nusu ili umalize upesi mbele ya wageni wanaokula chakula. Kilichokatwa mara nyingi ni ile nafasi ya kutafuna.

Maneno karibu yote ni mafumbo. Ua, lulu, ndege, chombo kilichokwenda mrama, maji ya kisima. Mtunzi mzuri hutunga ubeti ambao bibi harusi atausikia kama pongezi, na mtu mwingine, pembeni, atausikia kama jibu alilokuwa akilisubiri kwa mwaka mzima.

Kutunza ni nini, na mimi mgeni nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo taarab inapoacha kuwa muziki wa jukwaani na kuwa mazungumzo ya ukumbi mzima.

Kutunza ni kutoka kwenye kiti chako ukaenda mbele kumpa mwimbaji fedha wimbo ukiendelea. Lakini fedha ni sehemu ndogo. Jambo ni mshororo gani uliokuinua. Mwanamke anakaa kimya beti mbili nzima. Inafika ya tatu, neno moja linatamkwa, naye anasimama. Anakwenda polepole, mabega yakifuata rika, noti ameishika juu ionekane. Haharakishi. Anapita njia anayotaka kupita, na si ajabu njia hiyo ikawa mbele ya mtu fulani. Anamtunza mwimbaji, anageuka, anarudi vilevile. Hajasema neno, na amesema yote. Ukumbi umesikia.

Waimbaji hulijua hilo vizuri sana. Mwimbaji aliyekomaa akiona mtu amesimama huurudia mshororo ule ule mpaka amfikie, na wapigaji humfuata bila kuambiwa. Kwa hiyo wimbo ule ule haupigwi sawasawa siku mbili. Urefu wake unategemea nani ameguswa na wapi.

Wewe mgeni, tunza ukipendezwa. Kiasi si hoja. Ngoja maneno yaliyokugusa, nenda taratibu, mpe mwimbaji mkononi, rudi. Usitupe fedha, usisimame mbele ya jukwaa ukazuia wengine, na usiende ukicheka na simu usoni. Usiogope pia kwamba utaeleweka vibaya: mgeni asiye na mgogoro na mtu husamehewa mshororo wowote.

Wapigaji wanalipwa?

Si kwa mshahara wa kuishi. Kuna malipo ya shughuli na kuna fedha za tunzo, na sehemu hubaki kwa chama kwa ajili ya nyuzi, matengenezo na mahitaji ya nyumba. Riziki ya wengi imekuwa kwingine: ofisini, dukani, shuleni.

Mapinduzi ya 1964 yaliiathiri vipi nadi?

Kwa kina. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na baada yake baadhi ya watu wa mjini waliondoka visiwani, wakiwamo wapenzi wa taarab na wapigaji. Serikali mpya ilitaka sanaa ya wananchi, kwa Kiswahili, na chama chenye jina la Kiarabu na harufu ya mambo ya kisultani kilitazamwa kwa jicho kali. Ikhwani Safaa ikapewa jina la mtaa, ikajulikana kama Malindi. Hadi leo utamkuta mzee akisema tu “taarab ya Malindi”, na ujue anaizungumzia nadi hii. Baadaye jina la asili lilirudi.

Ni kipindi cha mambo mawili kwa mpigo, na si haki kutaja moja ukaacha la pili. Kulikuwa na hasara ya watu na ya uhuru wa chama kujiendeshea mambo yake. Wakati huo huo Kiswahili kilitawala kabisa katika nyimbo, wanawake na wanaume wakasimama jukwaa moja, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ambao zamani wasingekaribishwa waliingia. Nyimbo nyingi zinazoimbwa leo kama za kale zimezaliwa baada ya mgeuko huo.

Kuna tofauti gani kati yao na Culture Musical Club?

Culture, ambayo wenyeji huiita Mila na Utamaduni, ilianza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, karibu na vijana wa Afro-Shirazi. Baada ya Mapinduzi ikawa kundi la serikali, kisha ikaja kujitegemea. Makao yake ni Vuga. Imesafiri sana Ulaya, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nayo mara nyingi ng'ambo.

Ushindani wao umeinufaisha Unguja kupita kiasi. Kila upande ulijua kwamba kosa la usiku mmoja litazungumzwa barazani asubuhi.

Kidumbak nacho ni taarab?

Ni ndugu yake wa mitaani na mashambani: vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, fidla moja, sanduku la besi, cherewa za kutikiswa na mkwasa, vijiti vya kugonga. Nyimbo huazimwa kwenye taarab, mwendo ni wa kasi, na watu hucheza badala ya kukaa. Wapigaji wengi hodari wa nadi walianzia huko.

Na rusha roho?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la East African Melody lilileta taarab ya vinanda vya umeme, na Dar es Salaam ikawaka kwa mipasho ya vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule. Fumbo likapungua, ukali ukaongezeka. Hadhira ikacheza usiku kucha.

Wako wanaoidharau. Mimi siungani nao, kwani kurushiana maneno kwa wimbo si jambo jipya. Akina mama wa vyama vya zamani walikuwa mabingwa wake. Ninachokililia ni vyombo. Kinanda kimoja kikichukua nafasi ya kanuni, nai na fidla sita, watu wanane wamebaki nyumbani, na watoto wa watu hao hawatajifunza.

Mombasa je?

Huko vikundi vilikuwa vidogo zaidi, karibu na harusi kuliko na jukwaa. Juma Bhalo aliimba Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin aliupiga udi kwa namna inayoelekea Lamu na Yemeni. Mlango huo unataka ukurasa wake.

Nani atapiga kanuni kesho?

Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, katika jengo la zamani la forodha Mizingani. Kiliwafundisha vijana kanuni, udi na fidla kwa nota na kwa sikio, na wasichana wengi walishika vyombo ambavyo mama zao waliishia kuvitazama. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limewapa jukwaa.

Chuo kinaweza kukupa vidole. Kuanzia hapo kijana bado anahitaji kukaa nyuma ya wakubwa, mazoezi baada ya mazoezi, ajifunze lini anyamaze na lini amngoje mwimbaji. Kazi hiyo ni ya nadi, na haina njia ya mkato. Ukiwa na mtoto anayependa, mpeleke akasikilize mazoezi hata kabla hajawa na chombo.

Nianze kusikiliza nini?

Kuna rekodi mbili rahisi kuzipata. Ya kwanza ilitolewa Uingereza na GlobeStyle mwaka 1988, juzuu ya pili ya mfululizo wao wa taarab ya Unguja, na yote ni ya Ikhwani Safaa. Ya pili ilitolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2005, nadi ilipotimiza miaka 100, na ndiyo inayofungua mfululizo wa Zanzibara.

Anza na ya 1988. Mara ya kwanza usihangaike na maneno; mfuate mpigaji wa besi, kwa kuwa yeye ndiye anayekuonyesha mdundo unarudi wapi. Mara ya pili sikiliza beti tu, ukiziandika kama unaweza. Mara ya tatu sikiliza kinachofanywa na fidla kila mwimbaji anapovuta pumzi.